Watoto wa Wayahudi Wafundishwavyo Kuimba na Kucheza katika Sikukuu Zao



Katika masomo yaliyotangulia tulizihesabu sikukuu za Wayahudi, tukaeleza asili ya kila moja. Leo twataka kuangalia jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona: watoto wadogo hupewa kazi gani katika sikukuu hizo, na jinsi gani wafundishwavyo nyimbo, kucheza na vyombo vya muziki. Kwa maana Wayahudi si watu wa Maandiko ya kale tu. Hata leo wapo, katika Israeli, Marekani, Ulaya na Afrika, nao wazishika sikukuu zao mwaka kwa mwaka.

Walimu wengi hudhani ya kuwa mtoto wa miaka minne au mitano yampasa kuketi kimya siku ya sikukuu na kuwatazama wakubwa. Desturi ya Wayahudi yaonyesha kinyume chake. Mtoto hupewa kazi yake mwenyewe, kazi ambayo wakubwa huingojea. Na kwa kuwa yangojewa, yeye hujifunza kwa moyo wote. Hilo ndilo neno kubwa la somo hili. Tulifuate sasa katika mifano.

1. Sauti za watoto hekaluni

Wayahudi wana kitabu kiitwacho Mishna, kilichokusanywa karibu na mwaka wa 200, ambacho chahifadhi sheria na desturi nyingi za zamani. Humo twasoma habari za Walawi, waimbaji wa hekalu la Yerusalemu. Watoto wao wadogo hawakuruhusiwa kuingia uani kwa ajili ya huduma, isipokuwa kwa jambo moja: kuimba pamoja na wakubwa wao. Hawakupewa kinubi wala zeze. Walitoa sauti tu, ili kuutia wimbo utamu, kama vile kiungo kitiwavyo katika mchuzi. Wala hawakupanda jukwaani. Walisimama chini, vichwa vyao vikifika miguuni pa Walawi. Wakaitwa kwa jina ambalo wengi hulifasiri kuwa ni wasumbufu wa Walawi, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyeweza kuufikia wembamba wa sauti zao.

Katika mwaka wa 70 Warumi waliliharibu hekalu. Vinubi na matoazi ya Walawi vikanyamaza. Lakini sauti ya mtoto haikuhitaji hekalu. Ilikaa nyumbani, mezani pa baba na mama, na shuleni. Basi tazameni: katika mambo yote ya muziki ule mkubwa, lile dogo kuliko yote ndilo lililokuwa rahisi kuchukuliwa safarini.

2. Pembe ya Mwaka Mpya

Mwaka mpya wa Wayahudi huangukia mwezi wa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Siku hiyo hupigwa pembe iitwayo shofari. Kwa desturi ni pembe ya kondoo dume. Pembe ya ng'ombe haikubaliwi. Wayahudi wa Yemeni wamezoea pembe ndefu yenye kujisokota ya tandala, mnyama tumjuaye sisi katika Afrika.

Pembe hii ina milio mitatu. Wa kwanza ni tekia, mlio mmoja mrefu ulionyoka. Wa pili ni shevarimu, milio mitatu mifupi kama mtu anayeugua. Wa tatu ni terua, vipande vidogo vidogo, tisa au zaidi, kama mtu anayelia kwa kwikwi. Mwalimu hampi mtoto pembe siku ya kwanza. Humfundisha kwanza kuitambua milio hiyo kwa sikio, kisha kuiiga kwa kinywa. Watoto husimama wanyoofu kwa tekia, huinama mara tatu kwa shevarimu, nao hutikisa mwili wote kwa terua. Baadaye tu hushika pembe, na kufundishwa kukaza midomo na kuitetemesha, bila kuvimbisha mashavu.

Mishna yasema neno zuri hapa: watoto wasizuiwe kupiga pembe, bali wakubwa washughulike nao mpaka wajue. Haisemi wakubwa wavumilie makelele, yasema washughulike nao. Tena Wayahudi wengi huipiga pembe kila asubuhi isiyo ya Sabato katika mwezi mzima unaotangulia Mwaka Mpya. Hivyo mtoto ana siku nyingi za kusikia kabla ya sikukuu yenyewe. Na siku ya kumi tangu sikukuu kuanza huja Siku ya Upatanisho, siku ya kufunga chakula, isiyo na ngoma wala kucheza. Mlio mmoja wa pembe ndio unaoimaliza wakati wa jioni, na watoto hukaa macho wakiungojea.

3. Mzunguko wa Furaha ya Torati

Mwisho wa Sikukuu ya Vibanda waja Furaha ya Torati. Wakubwa huzichukua hati za Torati mikononi, nao huzunguka mara saba katika sinagogi wakiimba na kucheza. Watoto hufuata na bendera ndogo, au na hati zilizotengenezwa kwa karatasi na nguo. Aliye mchanga sana huchukuliwa begani. Katika sinagogi nyingi watoto wote huitwa pamoja mbele, nguo ya sala hutandazwa juu yao kama hema, na Torati husomwa kwa ajili yao.

Hapa mwalimu apaswa kuijua sheria. Wayahudi wenye kuishika sawasawa hawapigi vyombo vya muziki katika Sabato wala katika siku kuu takatifu kama hii. Hata kucheza kulikatazwa zamani, lakini marabi wa kale waliruhusu kucheza siku hii kwa ajili ya heshima ya Torati. Ndiyo sababu ngoma, kengele na kayamba hufundishwa shuleni katika majuma yanayotangulia. Sikukuu yenyewe yataka kinywa na miguu. Mwalimu asiyelijua jambo hili aweza kuwazoeza watoto wimbo usioweza kuimbwa bila ngoma, na siku inapofika wao hubaki bila kitu.

4. Hanuka na Purimu

Sikukuu hizi mbili hazina katazo hilo, nazo ndizo zilizo na vyombo vingi.

Hanuka hushikwa siku nane, katika Novemba au Desemba. Ni ukumbusho wa hekalu lililotakaswa na Yuda Makabayo mwaka wa 164 kabla ya Kristu. Usiku wa kwanza huwashwa taa moja, wa pili mbili, hata nane. Jumla yake ni taa 36, bila kuihesabu taa ya kuwashia. Mwalimu huitumia hesabu hiyo: usiku wa kwanza mtoto mmoja husimama na kupiga kengele moja, wa pili wawili, hata wanapotimia wanane katika mstari. Kuna pia pia ndogo yenye pande nne, na herufi moja ya Kiebrania katika kila upande. Watoto huzunguka kama pia hiyo: polepole, halafu upesi, halafu huyumba na kuanguka chini kwa mpigo wa mwisho wa ngoma. Mchezo huo wafundisha mwendo wa polepole na wa haraka kuliko maneno mengi ya mwalimu.

Purimu huwa katika Februari au Machi. Husomwa kitabu cha Esta, habari za msichana aliyewaokoa watu wake na shauri la Hamani aliyetaka kuwaua wote. Jina la Hamani limeandikwa mara 54 katika kitabu hicho. Kila lisomwapo, watoto huzungusha makelele yao ya mti au kutikisa makopo yenye kunde ili kulifunika jina. Mgeni hudhani ni fujo. Lakini sheria yataka kila neno la kitabu lisikiwe. Kwa hiyo msomaji hunyamaza, naye haendelei mpaka kelele imekoma kabisa. Mtoto sharti asikilize kwa makini asije akalikosa jina, tena sharti ajue kunyamaza mara moja. Mwalimu yeyote aliyekwisha kuwapa watoto ishirini ngoma zao ajua ya kuwa kuanza ni rahisi, na kukoma ndiyo kazi.

5. Pasaka: mdogo ndiye mwenye kuanza

Usiku wa Pasaka, katika Machi au Aprili, jamaa yote hukaa mezani ili kusimulia jinsi Waisraeli walivyotoka Misri. Masimulizi hayo hufunguliwa na mtoto aliye mdogo kuliko wote. Yeye huuliza maulizo manne kwa sauti ya kuimba: kwa nini usiku huu watofautiana na nyingine? Baba, babu, hata rabi mwenye elimu kubwa, wote humngojea yeye. Na mtoto asipokuwa na akili ya kutosha bado, Mishna yasema baba yake amfundishe. Hivyo majuma kadhaa kabla ya Pasaka utasikia katika nyumba mtoto akiimba maulizo yake akiwa anaoga, akiwa anakula, akiwa njiani.

Mwisho wa karamu huimbwa wimbo wa mwana-mbuzi aliyenunuliwa na baba kwa vipande viwili vya fedha. Ulipigwa chapa katika kitabu cha Pasaka cha Prague mwaka wa 1590. Paka amla mbuzi, mbwa amwuma paka, fimbo yampiga mbwa, moto waiteketeza fimbo, maji yauzima moto, na kuendelea hivyo mpaka Mungu mwenyewe aja na kumshinda malaika wa mauti. Kila ubeti warudia yote yaliyotangulia, kama zile hadithi za mnyororo ambazo bibi zetu huzisimulia jioni. Kila mtoto hupewa sauti moja: huyu paka, huyu mbwa, huyu maji. Akisinzia, mnyororo wakatika. Ndiyo maana hasinzii, ijapokuwa usiku umekwenda sana.

Siku ya saba ya Pasaka husomwa habari za Bahari ya Shamu, ambapo Miriamu alitwaa tari, na wanawake wakamfuata wakipiga na kucheza. Shuleni, kabla ya sikukuu, wasichana na wavulana hutengeneza tari ndogo. Nusu yao huwa bahari, wakisimama mistari miwili na kutikisa vitambaa vya buluu. Nusu hupita katikati, wakienda kwa mpigo.

6. Makapu ya malimbuko

Baada ya Pasaka huhesabiwa majuma saba. Katika sehemu ya siku hizo Wayahudi wengi hawachezi wala hawapigi vyombo, kwa kuwa ni siku za maombolezo. Siku ya 33 huleta ruhusa, na watoto huimba kando ya moto. Mwalimu mwema hafichi ukimya huo, humweleza mtoto. Hata kunyamaza ni sehemu ya muziki.

Ndipo huja Shavuoti, Sikukuu ya Majuma. Zamani, yasema Mishna, wakulima walipanda Yerusalemu na malimbuko yao, ng'ombe mwenye pembe zilizopakwa dhahabu akitangulia, na filimbi ikipigwa mbele yao mpaka karibu na mji. Leo katika shule za Israeli watoto huvaa nguo nyeupe na mataji ya majani, nao huenda kwa mstari wakichukua makapu ya matunda. Wimbo wao unaojulikana kuliko nyingine, wa makapu begani, maneno yake yalitungwa na Levin Kipnis, na sauti yake na Yedidya Admon.

Yafaa tumseme kidogo huyo Kipnis. Shule ya kwanza ya watoto wadogo kwa Kiebrania ilifunguliwa mwaka wa 1898 huko Rishon LeZion. Wakati ule Kiebrania kilikuwa lugha ya sala na vitabu. Nyumba chache sana zilikisema. Walimu wa kike walikuwa na watoto mbele yao, wakawa hawana nyimbo za kuwaimbisha. Kipnis alifika nchini mwaka wa 1913, akatunga maneno mafupi, mamia kwa mamia, kwa kila sikukuu. Mara nyingine aliyatia katika sauti za zamani zilizojulikana na watu. Lugha iliyokuwa ya wazee ikarudi kuwa lugha ya mchezo. Watoto walipeleka nyimbo hizo nyumbani, na mama wengi walijifunza maneno yao kwa watoto wao.

7. Namna ya kufundisha

Tuyakusanye sasa mashauri kwa ajili ya mwalimu. Njia ina hatua nne: sikio, kinywa, mguu, mkono.

Sikio. Mwalimu aimbe wimbo mzima mara mbili tatu, watoto wakisikiliza tu. Aanze majuma mawili au matatu kabla ya sikukuu.

Kinywa. Aimbe kipande kifupi, watoto wajibu. Wimbo wa watoto wa miaka mitatu hata sita uwe na sauti tano hivi, usipande sana wala kushuka sana. Mwalimu mwanamume aangalie asiimbe chini mno, kwa maana watoto watamfuata, na sauti zao zitaharibika.

Mguu. Wapige hatua wakiimba. Dansi ya duara iitwayo hora, iliyotoka nchi za Rumania na Balkani, ina hatua zinazopishana, nazo ni ngumu kwa mtoto mdogo. Yeye na aende tu kwa duara, akishikana mikono na wenzake. Dansi ya maji, iliyotungwa mwaka wa 1937 na Else Dublon, inayo sehemu inayomfaa: hatua nne kwenda katikati mikono ikipanda, hatua nne kurudi mikono ikishuka.

Mkono. Mpigo upigwe kwanza kwa viganja juu ya magoti. Anayeweza kuushika magotini ndipo apewe ngoma. Kitolewe chombo cha namna moja kwanza, halafu kingine. Vyombo vikae chini ya kiti mpaka mwalimu atoe alama, na virudi hapo kwa alama.

Nasi tulio wageni wa sikukuu hizi tuziheshimu. Tukiwasimulia watoto wetu habari za Israeli, twaweza kuwafundisha mpigo wa Miriamu na milio ya pembe, ili waelewe. Lakini tusiziigize sala za watu wengine kama mchezo wa jukwaani.

8. Wimbo uliobaki

Huenda msikilizaji auliza: je, jambo hili ni kubwa kiasi gani? Jibu liko karibu nasi. Tangu mwanzo wa karne ya 20, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walihamia Kongo, hasa Elisabethville, mji uitwao Lubumbashi tangu 1966. Walijenga sinagogi huko, na rabi wao Moïse Levy aliwatumikia tangu 1937 hata 1991. Lugha yao ilikuwa Kiladino, Kispania cha kale ambacho babu zao walitoka nacho Hispania walipofukuzwa mwaka wa 1492. Kwa lugha hiyo Wayahudi wa ukoo wao huuimba wimbo wa mwana-mbuzi.

Mwezi wa Julai 1944, Wajerumani wa Hitler waliwakamata Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliookoka walikuwa 150 hivi tu. Wazee, mama na watoto waliozijua nyimbo za kisiwa wakaangamia pamoja. Nyimbo zile zilibaki katika vinywa vya wale waliokwisha kuhama, katika Kongo, Rodezia na Marekani. Na baada yao, katika vinywa vya watoto waliofundishwa nao.

Huko Uganda pia, karibu na Mbale, wapo Abayudaya, ambao kiongozi wao Semei Kakungulu aliishika dini ya Kiyahudi mwaka wa 1919. Wao huimba Zaburi kwa Kiganda, katika sauti za nchi yao. Wakati wa utawala wa Idi Amin, tangu 1971 hata 1979, ibada yao ilikatazwa. Lakini jamii haikufa, na mwaka wa 2003 nyimbo zao zilitolewa katika sahani huko Marekani.

Maulizo ya somo

Watoto wa Walawi walifanya kazi gani hekaluni? — Waliimba pamoja na wakubwa, bila kinubi wala zeze, ili kuutia wimbo utamu.

Milio ya shofari ni mingapi? — Ni mitatu: tekia, shevarimu na terua.

Kwa nini vyombo hufundishwa kabla ya sikukuu? — Kwa sababu wenye kuishika sheria hawavipigi katika Sabato na siku takatifu.

Purimu yamfundisha mtoto nini zaidi ya kupiga kelele? — Yamfundisha kusikiliza na kunyamaza kwa wakati wake.

Nani aanzisha masimulizi ya Pasaka? — Mtoto aliye mdogo kuliko wote.

Kazi ya juma hili: kila mwalimu amtafute mtoto mdogo kuliko wote katika darasa lake, amfundishe mpigo mmoja, na katika kuimba kwa darasa zima amwachie yeye kuanza. Wengine wamngojee.